Deni la Makambako na Bonde la Mama

Siku hizi nawasikia watu wakisifu kubana matumizi, redioni na hata mimbarini, kana kwamba ni karama. Wengi wao hawajawahi kubanwa. Mimi nilibanwa, tena utotoni, na ninachokumbuka kwanza ni baridi ya magotini, maana gauni langu lilikatwa kutoka gauni la dada yangu, la dada lilikatwa kutoka la mama, na kitambaa kila kinapokatwa hupungua. Njombe ni nchi ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba umande huganda juu ya majani, na sisi tulikwenda shule miguu mitupu tukitafuta mahali ng'ombe walipolala ili tukanyage pale penye joto.

Deni lilikuwa la baba. Namsema kwa heshima, amelala kilimani na hawezi kuamka ajitetee, lakini lilikuwa lake. Kabla hajaoa alikuwa msaidizi wa mpishi kwa Mzungu mmoja Iringa, akajifunza kupika chai ya maziwa, maandazi na mchuzi wenye bizari. Aliporudi nyumbani hakuna aliyetaka bizari yake. Akaoa, akalima, akazaa, na miaka yote hiyo alikuwa anawaza hoteli. Hata vita ile kubwa ya pili ilipokwisha na malori yakaongezeka barabarani, akamwambia mama kwamba wakati umefika, anakwenda kufungua hoteli Makambako.

Makambako ya siku hizo haikuwa mji. Ilikuwa njia panda yenye maduka machache na vumbi. Ukitoka Iringa unafika pale, halafu unachagua: huku Mbeya, huku Njombe hadi Songea. Hapakuwa na reli. Kila aliyekuwa anakwenda kwenye mkonge au anarudi kutoka kwenye mkonge alishuka pale na kungoja lori jingine, pengine siku nzima, pengine siku mbili, na mtu anayengoja hula. Kwa hesabu hiyo baba hakukosea. Alijenga kibanda cha udongo na nyasi, akachonga mabenchi, akaenda kwa mwenye duka mmoja Njombe akachukua kwa mkopo sukari, majani ya chai, unga wa ngano, mafuta ya taa na vikombe vya bati vyenye ukingo wa buluu. Walikubaliana alipe kila mwisho wa mwezi.

Alikosea mahali pengine. Kwetu sisi chakula hakidaiwi. Mahindi utauza, kuku utauza, unga utaupima na kupokea hela yake bila haya. Lakini kikishapikwa, na mtu akishanawa mikono na kukaa, hiyo si bidhaa tena. Ukimdai mtu wa kwenu hela ya ugali aliokwisha kula, umemvua nguo, na wewe mwenyewe umejivua. Na ukimkumbusha tu kwamba alikula kwako, hata bila kumdai, hayo ni masimango, na mtu mwenye masimango huzikwa na watu wachache. Baba aliyajua haya tangu kunyonya. Sijui alifikiri kwamba Makambako ni nchi nyingine.

Basi kila lori lilileta watu wa nyumbani. "Kamwene, kaka." "Kamwene, mjomba." "Kamwene, baba mdogo." Vijana wanaokwenda mkonge walikula wakaahidi kulipa wakirudi. Waliporudi walikula tena, kwa kuwa sasa walikuwa wageni. Wagonjwa waliokuwa wanapelekwa hospitali Ilembula walikula, na mgonjwa nani atamdai. Baba aliwatoza madereva na watu wa mbali tu, na hao nao hakuwaweza sana, maana mtu wa Songea akishakula kwake mara mbili alikuwa shemeji. Haukupita mwaka wa pili akarudi nyumbani na sanduku la vikombe kichwani. Kwa muda mrefu tulikunywa uji usio na sukari katika vikombe vya hoteli.

Mwenye duka akasema atakwenda boma. Kushtakiwa boma wakati ule wa Waingereza lilikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi, hasa mtu ambaye kodi yenyewe ya kichwa aliilipa kwa taabu. Aliyetuokoa ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe na mashamba ya miwati, ile miti ambayo magome yake huuzwa kwa watengeneza ngozi. Alikwenda Njombe akamlipa mwenye duka deni lote, kisha akaja kukaa kwetu mekoni, akanyoosha miguu kwenye moto na kusema masharti yake bila kuzungukazunguka.

"Mtanirudishia kidogo kidogo, sina haraka," alisema. "Lakini siku nikiitaka yote, na hamna, nitachukua bonde."

Baba alikubali kabla mzee hajamaliza. Mama hakuulizwa. Alikuwa anachambua maharage, na nakumbuka aliendelea kuyachambua, ila mabovu na mazima akayatia katika ungo mmoja.

Bonde lilikuwa lake. Kwa sheria ya wanaume lilikuwa la baba, kama vitu vyote, lakini yeye ndiye aliyelifungua. Alipoolewa alilikuta kinamasi, akachimba mifereji ya kutoa maji, akainua matuta, na dada yangu mgongoni. Matuta hayo ya bondeni kwetu tunayaita vinyungu. Hulimwa kiangazi, wakati kule juu mashamba yote yamekauka, na mwenye vinyungu hula mahindi mabichi, maharage mabichi na maboga wakati wenzake wanakula unga wa mwaka uliopita na kuomba Mungu mvua. Mwaka mmoja wa njaa bonde lile lilitulisha sisi na nyumba nyingine mbili. Kulipoteza kusingetuua mwaka huo, lakini mama alihesabu miaka yote.

Kuanzia hapo tukaanza kuishi kwa kujinyima, na kiongozi alikuwa mama. Sukari haikuingia tena. Chai ilikwisha, na baba, mpishi wa Mzungu, akanywa maji moto. Kiberiti hakikununuliwa, moto ulifukiwa majivuni, na ukizimika nilitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa, nikirudi mbio nikipuliza. Mafuta ya taa yalikuwa ya kuugulia tu, yaani taa iliwashwa mtu akiwa na homa. Sabuni ilikuwa ya nguo za kanisani, nyingine zilifuliwa kwa maji ya majivu. Chumvi mama aliiyeyusha katika kibuyu, akatia mchuzini kwa matone, na kaka yangu mdogo alipolamba mdomo wa kibuyu alichapwa kama mwizi wa ng'ombe.

Baba alikwenda kumenya magome kwenye shamba la miwati, kazi inayotia mikono weusi usiotoka hata kwa sabuni, na sabuni yenyewe hakuwa nayo. Dada alisuka vikapu. Mama aliuza maharage na viazi Njombe sokoni, akaenda na kurudi kwa miguu bila kuonja kitu njiani. Kilichopatikana kilipelekwa ng'ambo ya kijito kila baada ya muda, na mzee alikipokea, akashukuru, akakifunga katika leso yake.

Tulikuwa na mianzi pia, shina kubwa nyuma ya nyumba, na mianzi kwetu ni ulanzi: wakati wa mvua unakata ncha changa, unakinga utomvu, na kufika jioni ni pombe. Baba alisema tugeme tuuze. Mama akasema sisi ni Walutheri, akitengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya ulanzi hatakuwa na uso. Mwisho ni mama mwenyewe aliyemwita jirani yetu Mkatoliki. "Mianzi tumeikuta hapa, sisi hatunywi," akamwambia. "Anayekunywa na ageme, atupe chumvi." Jirani aligema misimu yote miwili tuliyokuwa na deni, akatupa chumvi kwa uaminifu, na sijamsikia mchungaji wala padri akiuliza.

Haya yote watu wangeyasamehe. Lililowaudhi ni mlango. Kwetu ukila, mlango uko wazi, na apitaye unamwita aje anawe. Mama alijua kwamba kwa mlango ule deni halitalipika. Akaanza kupika mapema, watu wakiwa bado mashambani, na tukila aliegesha mlango na kuuzuia kwa mchi. Tulikula haraka, bila kusema, tukisikiliza nyayo. Mimi nililia mara ya kwanza. Nilikuwa najua, kama mtoto yeyote wa pale anavyojua, kwamba tulilokuwa tunalifanya ni baya kuliko kuiba.

Siri ya namna hiyo haikai. Mtoto wa nyumba fulani alisukuma mlango akatukuta, na kabla ya Jumapili tulikuwa na jina. Tuliitwa Wafunga Mlango. Shuleni wenzangu walifunga madaftari nikipita. Wanawake kisimani walimuuliza mama kama leo amekula kwa komeo au kwa kufuli. Mama alijibu, "Kwa kufuli, ufunguo nimeumeza," akajitwika mtungi wake. Yeye aliweza. Baba hakuweza. Mtu aliyewalisha watu wa nchi nzima bure, sasa anaitwa mchoyo na watu walewale. Alipungua mwili, na kanisani akaanza kukaa nyuma karibu na mlango.

Hivyo tulifika Sikukuu ya Mavuno ya mwaka ule. Deni lilikuwa limepungua sana. Mama alisema mavuno mawili ya bondeni yangelimaliza. Siku hiyo kila nyumba hupeleka kanisani sehemu ya ilichovuna, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje, hela iwe ya kanisa. Mama alipeleka boga, kubwa kuliko yote yaliyokuwa pale, la bondeni kwake. Baba alikuwa na hela katika koti, jasho letu la miezi kadhaa, maana walikuwa wamekubaliana ampe mzee pale pale baada ya ibada. Kukabidhi hela ilikuwa kazi ya mwanamume. Mama alimfungia hela hiyo katika kitambaa na kukishona mfukoni kwa uzi.

Mwinjilisti ndiye aliyenadi. Kuku walikwenda, mahindi yakaenda, likaja boga. Kijana mmoja, aliyerudi majuzi kutoka mkonge na kofia na baiskeli, akataja bei nzuri kwa kujionyesha. Kijana huyo nilimjua, baba alimjua zaidi: alipokuwa anakwenda mkonge alikaa Makambako siku tatu, akala mchana na jioni, akaondoka na maandazi ya njiani.

"Hakuna zaidi?" mwinjilisti akauliza. "Boga hili limetoka kwa ndugu zetu wa karibu hapa."

"Kwa Wafunga Mlango," yule kijana akasema. "Nalinunua nione walikuwa wanaficha nini."

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni cha sikukuu, hata mchungaji aliinamisha kichwa. Kisha nikasikia sauti ya baba kutoka nyuma ikitaja bei. Kijana akapandisha. Baba akapandisha. Watu wakaacha kucheka, wakaanza kugeuka mara huku mara huku. Mama alikuwa kwenye kundi la wanawake na sikuweza kumwona uso. Bei ilipita ya kuku, ikapita ya mbuzi, kijana akavua kofia akajikuna, akasema limeshakuwa ng'ombe, yeye basi. Baba akakata uzi wa mfuko kwa meno mbele ya usharika mzima na kulipa. Akapita katikati ya watu na boga begani, boga alilolilima mke wake, na kwa mara ya kwanza tangu Makambako alitembea kifua mbele.

Ndiyo, niliona fahari. Nilikuwa mtoto, na watu walikuwa wametunyamazia. Ila kufika nyumbani mama alilipokea lile boga, akaliweka pembeni mwa jiko, hakumwambia baba neno. Hakumwambia siku hiyo wala siku zilizofuata. Mimi ningependa amfokee. Ukimya wa mama ulikuwa unajaza nyumba, tukapita pembeni mwake.

Jumatatu mzee alivuka kijito. Alikaa pale pale alipokaa siku ya masharti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutisha.

"Ndugu yangu," alimwambia baba, "mimi nilikuwa nadhani huna, ndiyo maana nikangoja. Jana nimeona kwa macho yangu kwamba unazo, za kununulia boga. Mwanangu anaoa mwaka huu, natakiwa ng'ombe. Naomba hela yangu iliyobaki, yote, kabla ya kupanda vinyungu."

Baba alianza kueleza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akasema amemwelewa, ila masharti waliyaweka wote. Akaaga. Na kweli, hata leo sijaweza kumwona mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi zaidi.

Muda wa kupanda vinyungu haukuwa mbali, wiki chache tu. Baba alisema atarudi Iringa kutafuta upishi. Dada akasema achumbiwe haraka, mahari ilipe, na mama akamwambia asiseme tena maneno hayo ndani ya nyumba ile. Siku mbili mama alikwenda shambani akarudi, akapika, akalala. Siku ya tatu alimuuliza baba swali la kwanza tangu sikukuu.

"Kule kwenye miwati, zile kambi mpya za wafanyakazi, wanaezeka kwa nini?"

"Kwa nyasi," baba akasema. "Msimamizi anatafuta watu wa kuzikata. Wanalipa kwa mzigo, ila ni kazi ya watu wengi."

"Wewe umelisha wangapi Makambako?"

Baba alielewa kabla yangu, akakasirika. "Siwezi kwenda kumsimanga mtu."

"Nani kasema kusimanga? Naalika kazi."

Hapa nieleze kidogo. Kwetu, kama una kazi kubwa kuliko nguvu zako, unawaalika watu, unawapa chakula cha siku hiyo na kinywaji, wanafanya, wanakwenda. Huwalipi. Kesho wewe utaalikwa kwao. Mtu aweza kukataa mwaliko wa kazi akiwa na sababu, lakini aliyewahi kula kwako hana sababu inayotosha, na hakuna haja ya mtu yeyote kumwambia hivyo. Chakula hakirudishwi kwa hela. Kwa mikono kinarudishwa, na watu hawaiti kulipa, wanaita kuitikia.

Mama alinichukua tukazunguka nyumba kwa nyumba, mpaka vitongoji ambavyo sijawahi kufika. Kila mahali alisema maneno yale yale. "Kamwene. Nimekuja kuwaalika kazi. Tunakata nyasi." Makambako hakuitaja hata mara moja. Aliyeambiwa aliangalia chini kidogo, kisha akauliza ni siku gani. Yule kijana wa kofia aliuliza kama aje na baiskeli, ya kubebea mizigo. Mama akamwambia aje nayo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee mwenyewe. Nilidhani tunapita tu, nikaona mama anakata kona kuingia uani kwake.

"Kamwene, mzee. Nimekuja kukualika kazi. Tunakata nyasi, za kambi ya miwati."

"Nyasi za hela," mzee akasema.

"Ndiyo."

"Hela ya nini?"

"Ya kukulipa wewe."

Mkewe, aliyekuwa anatwanga, aliacha mchi hewani. "Mama, unanialika nije nifanye kazi ya kujilipa mwenyewe?" mzee akauliza.

"Nakualika kama nilivyowaalika wengine wote."

Mzee alikuwa mpeleka ng'ombe Iringa, mara mbili tatu kwa mwaka, na njia ya Iringa inapita Makambako. Mama hakusema hilo. Alisimama tu, mikono ameifumba tumboni kwa heshima, akangoja. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa moto, nikatamani ardhi ipasuke. Mwisho mzee akauliza ni siku gani.

Tulikata nyasi juma zima. Asubuhi zilikuwa za baridi kali, nyasi zimelowa na kukata vidole, na watu walikuja wakiwa wamejifunga mablanketi, wakayavua jua lilipopanda. Mama alipika akiba yote ya maharage na kutumia ulezi wote kwa togwa. Jirani Mkatoliki alisema togwa ni pombe iliyokata tamaa, akanywa vibuyu vitatu. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi kutwa na ndani hakikubaki kitu cha kuficha. Boga nalo lilipikwa siku ya kwanza. Liliwatosha watu wote, na baba hakuligusa.

Mzee alikuja siku mbili, amevaa koti lake la kanisani, na mundu wake mwenyewe. Alikata kwa mstari ulionyooka, hakuzungumza sana. Baba na yule kijana wa mkonge walifunga mizigo pamoja, mmoja akivuta kamba huku, mwingine huku, na sikuwasikia wakizungumzia boga. Mimi, dada na wanawake tulibeba mizigo kichwani hadi kambini, msafara mrefu wa nyasi zinazotembea, na msimamizi akahesabu.

Jumapili alasiri mzee alikuja kwetu kuchukua hela yake. Safari hii mama ndiye aliyeiweka mbele yake, juu ya mkeka, na baba akakaa pembeni. Mzee alihesabu. Akahesabu tena, polepole zaidi. Sisi wote tulijua tayari, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha hesabu tangu jana yake.

"Imepungua," mzee akasema.

"Imepungua," mama akaitikia.

Kilichopungua hakikuwa kidogo. Baba angekipata kwa kumenya magome mpaka mvua ziishe. Mzee aliangalia moto, akakuna kidevu, akaangalia zile hela kwenye mkeka.

"Hiyo iliyopungua," akasema, "niliila Makambako."

Nikamwona baba anasimama. Nikajua anachotaka kusema, dada naye akajua, akashika ukingo wa kanga yake.

"Mzee," baba akaanza, "samahani sana, lakini kwangu mimi chakula hakidaiwi. Sijakudai, wala sitakubali mtu…"

"Baba wa watoto," mama akasema. "Kaa chini."

Hakuwahi kumwamuru mbele yetu, sembuse mbele ya mgeni, na hakuinua sauti. Baba alibaki amesimama, mdomo wazi, na kwa kitambo nilichokiona kirefu bonde lilikuwa mkononi mwake kwa mara nyingine. Kisha akakaa. Mzee alifunga hela katika leso, akanyanyuka kwa kushika magoti.

"Bonde ni lako, mama," akasema. Hakumwambia baba, alimwambia yeye, akatoka.

Mama alisema ahsante na kuanza kukunja mkeka. Jioni ile alipika, akatuogesha wadogo, akatuambia tulale mapema kwa kuwa vinyungu vimechelewa. Hakuna aliyeimba wala kuruka. Kama mgeni angeingia angedhani ni siku ya kawaida.

Asubuhi tulishuka bondeni, mama mbele na jembe, mimi nyuma na mbegu kikapuni, baba nyuma yangu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mifereji. Mama alifika kwenye tuta la kwanza, akainua jembe, akapiga mara moja, akaliacha humo ardhini. Akakaa pale pale kwenye tope, akaanza kulia. Hakulia kama mtu aliyepewa kitu. Alilia kama msibani, kwa sauti, akijipiga mapaja, mpaka watu wa ng'ambo wakatoka nje kutazama nani amekufa.

Niliogopa sana. Tangu vikombe virudi kutoka Makambako nilikuwa nimemwona akihesabu matone ya chumvi, akifunga mlango, akicheka na wanaomcheka, akimwalika mdai wake kazini, na nikadhani mama yangu ni mtu asiyeogopa. Hapo tu ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameogopa kila siku.

Baba alisimama akimtazama, hakujua afanye nini na mikono yake. Mwisho aling'oa lile jembe kutoka ardhini na kuanza kulima tuta, pale alipoachia yeye. Mama alilia hadi ukungu ulipoondoka. Kisha akanawa uso kwa maji ya mfereji, akaninyooshea mkono nimpe mbegu.